Sifuri ya Zahanati Yetu

Nina mdomo. Mama Anastazia alionywa hivyo kabla ng'ombe hawajatoka zizini kwake kwenda kwa baba yangu kule Kiagata, na aliyemwonya ni shangazi yangu wa damu. Mama akajibu kwamba mji wake, yaani boma lake, ulikuwa kimya kupita kiasi, mdomo mmoja usingemdhuru. Kwa hiyo alinichukua akijua anachokichukua.

Watu wa Mara hawataniuliza, ila wewe uliyetoka mbali nikueleze mara moja tu. Mama Anastazia ndiye aliyenioa. Kwetu mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa jina lake na wa mji wake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanamume wa kuzaa naye nilimchagua mwenyewe, anajulikana, na hana dai lolote. Mimi na Mama hatuna mambo ya kitandani. Nalima shamba lake, ananilelea mtoto, tunagombania redio. Kwa heshima ni mkwe wangu, kwa mila ni mume wangu, na mbele ya Mungu ni mama kwangu kuliko hata aliyenizaa. Nitamshukuru hapa mpaka uchoke kunisikiliza, lakini kwanza lazima niseme alivyonikasirisha.

Mtoto wangu wa kwanza, Sara, alitoka kwa upasuaji. Uchungu ulinishika nikiwa safarini, nikakimbizwa hospitali moja ya mbali ambayo jina lake silitaji. Nakumbuka nilikuwa nimelala nikihema, muuguzi akachungulia mlangoni akauliza mwenye mgonjwa yuko wapi. Mama, ambaye alikuwa amefika kwa pikipiki akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akaitwa pembeni. Wakasema naye. Akatoka, akanishika mguu kidogo, nami nikasukumwa theatre. Nilipopata fahamu vizuri nikamuuliza kwa nini nimepasuliwa. Akasema, "Ilibidi." Kwenye kadi waliandika upasuaji, basi. Nilibeba lile "ilibidi" kwa miaka, kila mvua ikitaka kunyesha kovu likiwasha.

Halafu kuna Burito, mdogo wa marehemu mume wa Mama. Burito si mtu mbaya, ila ana subira ya mtu anayesubiri kitu. Mila inasema mji usio na mvulana unarudi kwa ukoo, na ukoo hapa maana yake ni Burito. Alipozaliwa Sara alikuja kutupongeza, akazunguka shamba la mihogo lote kabla hajaomba kumwona mtoto. Mama alimwona. Usiku huo hakula.

Basi nikapata mimba ya pili, na nyumba nzima ikaanza kuhema juu ya tumbo langu. Mama aliacha kuniruhusu kubeba ndoo. Alinichemshia maji, akanifichia sato mkubwa chini ya ugali ili Sara asimwone. Najua alikuwa anamlisha mjukuu wa kiume, lakini samaki alipita mdomoni mwangu, na mimi si mtu wa kusahau samaki.

Wakati huohuo ukaja mradi. Jina lake lilikuwa refu, limenitoka, ila kazi yao naikumbuka na ninawaombea kheri popote walipo. Walisema kila zahanati na kila hospitali katika eneo la mradi itapaka ubao langoni, iandike hesabu zake za mwaka ili kila mwananchi azisome: wamama waliojifungua, waliopasuliwa, wamama waliofariki, watoto waliofariki. Zamani hesabu hizo zilifungwa kwenye makabrasha zikapelekwa wilayani. Sisi tuliozaa na tuliozika hatukuwahi kuziona. Sasa zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi, na mbuzi walikuwa wanajikuna kwenye nguzo zake.

Mtendaji wetu wa kijiji, Alfonsi, akazisoma kwenye mkutano mkuu. Alfonsi anapenda kusoma mbele za watu, alivaa mpaka tai. Akaanza na zahanati yetu. Waliojifungua, akataja. Waliopasuliwa, sifuri. Wamama waliofariki, sifuri. Watoto waliofariki, sifuri. Vigelegele vikapigwa mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Kisha, kwa kulinganisha, akasoma hesabu za hospitali moja ya Bunda mjini, ambayo nayo sitaitaja jina, nisije nikaonekana nimelipwa kuitangaza. Waliojifungua walikuwa wengi sana, waliopasuliwa wengi pia. Alipofika kwenye wamama waliofariki akasema, "Watatu."

"Watatu!" Burito akasema kutoka nyuma. "Hiyo ni machinjio."

Kwetu mtu akifanya vizuri anakula nyama. Hapohapo ikaamuliwa zahanati ipewe mbuzi. Akakamatwa beberu mmoja aliyekuwa karibu, akachinjwa, na Nesi Matrida, ambaye ndiye zahanati yenyewe maana hana mwenzake, akapewa ini kama mkwe anayeheshimiwa. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Alishika lile ini muda mrefu bila kulitia mdomoni. Nikadhani amechoka.

Lakini hesabu zile zilinisumbua. Mimi nanunua dagaa Musoma, pale Mwigobero, nauza Bunda sokoni. Pale sokoni kuna mwenzetu mmoja hujisifu kwamba mzigo wake haujawahi kuoza hata mara moja. Na ni kweli, maana siku za mawingu, dagaa wasipokauka, hanunui. Siku hizo sisi wengine ndio tunahangaika na dagaa waliolowa. Nikajiuliza, zahanati yetu ikiona mawingu hufanya nini? Siku ya kliniki ilipofika nikamsubiri Nesi Matrida amalize kunipima, nikamuuliza.

"Nesi, Shida yule wa kitongoji cha juu, aliyetoka hapa kwenye gari la wagonjwa akafia Bunda, ameandikwa ubao gani?"

Matrida aliweka chini kile kipimo cha kusikilizia mtoto. "Wa Bunda," akasema.

"Kwa hiyo ile sifuri yako ni ya uongo?"

"Ni ya kweli, sijadanganya mtu. Ila haijasema yote." Akavuta kiti akakaa karibu na mimi. "Bhoke, hapa sina theatre. Sina damu ya kumwongezea mtu. Nina mikono yangu, mashine ya presha na namba ya dereva. Nikiona mama anakuwa mgumu nampeleka mapema, na nashukuru Mungu wengi wanarudi na watoto wao. Asiyerudi anahesabiwa kule alikofia. Kule ndiko tunakopelekaga wagumu wote, wa vijiji vyote."

"Mbona kwenye mkutano hukusema?"

"Nilisimama niseme. Wakadhani nataka kushukuru, wakapiga vigelegele. Nikakaa ili nisimame tena, nikasikia mbuzi analia."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu akaacha kucheka, akaniambia maneno ambayo mpaka leo namshukuru kwayo. Alisema yeye hawezi kuniamulia nitajifungulia wapi, lakini mwenye kovu kama langu akijifungulia pale, na kovu likafunguka, yeye atakachoweza ni kupiga simu tu. Alinieleza polepole, bila kunitisha na bila kunibembeleza. Wiki iliyofuata aliongeza mstari kwenye ubao wake kwa mkono wake mwenyewe: waliopewa rufaa. Mstari huo haukupigiwa vigelegele na mtu yeyote.

Siku ileile ya kliniki nikafika nyumbani nikamweleza Mama. Nilidhani atafurahi kupata mke msomi.

"Mimi nimesoma ule ubao kwa macho yangu," akasema, akiendelea kuchambua maharage. "Sifuri ni sifuri. Na kule ni watatu."

"Mama, wale watatu walitoka kwetu huku! Wametoka kwenye sifuri hizi hizi!"

"Na kisu je? Hapa waliopasuliwa ni sifuri. Kule wanapasua watu kama wanaparua samaki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa anaogopa kifo peke yake. Burito alikuwa amempitia asubuhi, akanywa uji, akamwambia mwanamke akipasuliwa mara mbili amekwisha, hazai tena wa maana, na mvulana wa mji ule atatokea wapi? Kwa Mama, zahanati yetu ilikuwa mahali pasipo kifo na pasipo kisu. Angeniona nikijifungulia pale kwa nguvu zangu, kisha nizae tena na tena mpaka mvulana apatikane. Ubao ulikuwa umemwambia kile hasa alichotaka kuambiwa.

"Utajifungulia hapa," akasema. "Ndivyo nilivyoamua."

Nilimjibu kwa ukali. Sitayarudia maneno yale, mengine yalikuwa ya Kikurya na hayana tafsiri ya adabu. Tulilala bila kuwasha redio.

Siku ya soko nikabeba dagaa wangu mpaka Bunda, nikauza haraka haraka kwa bei ya kutupa, nikaenda kwenye ile hospitali ya watatu. Nilisoma ubao wao langoni kwanza. Jina la Shida halikuwepo, ni namba tu, lakini nilijua yeye ni mmoja wao, nikasimama kidogo kwa heshima yake. Ndani nikakutana na Dakta Shija, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia nataka kujua kila kitu, asinifiche.

"Vizuri," akasema. "Nianze mimi kukuuliza. Mara ya kwanza ulipasuliwa kwa sababu gani?"

"Ilibidi."

"Ilibidi kwa nini? Njia ilikuwa ndogo? Mtoto alichoka? Alikaa vibaya? Kuna sababu zinazojirudia na kuna zisizojirudia. Ushauri wangu unategemea hapo."

Mimi, mwenye mdomo! Mwanamke mzima, mwenye kovu tumboni, sijui limetoka wapi.

"Hukuambiwa?" akaniuliza.

"Aliambiwa Mama."

Hakushangaa. Alisema wengi ndivyo ilivyo, kadi zinakuja tupu na habari iko kwa mtu mwingine nyumbani. Akaniomba nikamuulize, nirudi naye.

Nilimkuta Mama anamkosha Sara nyuma ya nyumba. Sikusubiri hata nitue beseni.

"Mama, siku ile nilipasuliwa kwa nini?"

"Mtoto alikuwa amekaa matako chini," akasema, kama vile nimemuuliza chumvi iko wapi. "Daktari alisema kiuno chako ni kizuri tu, ila mtoto amegeuka. Huyu huyu hapa. Tangu tumboni alikuwa mbishi."

Miaka yote hiyo! Miaka yote nilikuwa nadhani mwili wangu una kasoro. Nilikuwa najitazama nikioga nikijiuliza ni nini ambacho wanawake wengine wanacho mimi sina. Nikaketi chini kwenye matope ya maji ya kuogea, nikalia kwa sauti, na Sara naye akalia kwa kunifuata.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alisimama na sabuni mkononi. Nilimwona kweli hajui alichokosea. "Habari za ugonjwa anaambiwaga mwenye mji," akasema. "Mgonjwa anatulizwa tu. Mimi nilipokuwa na wangu, alikuwa anaambiwa baba yao. Sikuwahi kuambiwa kitu."

"Na wewe hukutaka kujua?"

Akamkausha Sara kichwa, polepole kuliko inavyohitajika. Alizaa mabinti wanne, akazika mmoja. "Nilitaka," akasema.

Sikumsamehe siku hiyo, nisidanganye. Lakini kesho yake alfajiri nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu mkononi, anasubiri mlangoni. "Tutakwenda wote kwa huyo daktari wako," akasema. "Na mimi nina maswali."

Alikuwa nayo kweli. Dakta Shija alitukalisha wote wawili mbele yake, lakini alipojibu alinitazama mimi, hata kama swali limetoka kwa Mama. Mama aligundua, akakunja uso. Daktari alisema kwa kuwa sababu ya kwanza ilikuwa mkao wa mtoto, na kiuno hakina tatizo, naweza kujaribu kujifungua kawaida. Akatupa hesabu zao wenyewe: kati ya kumi waliojaribu pale wakiwa na kovu moja, saba hivi walifanikiwa. Kovu kufunguka ni mmoja kati ya mia mbili, lakini huyo mmoja anahitaji theatre iliyo karibu, si gari linalotafutwa.

"Na akipasuliwa tena," Mama akauliza, "atazaa tena?"

"Anaweza. Lakini kila kisu kinaongeza hatari kwa mimba inayofuata. Kabla ya mimba ya tatu tungemshauri afikirie sana."

Mama akaendelea. "Na wale watatu wa kwenye ubao walikufa kwa nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Dakta Shija alivua miwani. "Majina yao siwezi kukupa, mama. Lakini wote watatu walifika wamechelewa, na mmoja tulikosea sisi, tulichelewa kumwongezea damu. Tumeliandika na tumebadilisha. Ndiyo maana tumeweka ubao, ili muweze kutuuliza hivi unavyoniuliza."

Njiani kurudi tulivuka njia panda ya Makutano. Halafu Mama akasema, akitazama dirishani, "Yule hakuficha." Basi. Nikajua nitajifungulia Bunda.

Nilikwenda mapema, nikakaa kwenye nyumba ya kusubiria uzazi pamoja na wanawake wengine wenye makovu na mapacha na presha. Mama alikuja na sufuria lake mwenyewe, maana haamini sufuria za watu. Aliwapikia wote. Nilikuwa nimeshachagua: nitajaribu kawaida, na wao watanichunga. Mama alifurahi na uchaguzi huo kupita nilivyofurahi mimi. Kila nikijigeuza alikuwa ananiuliza kama kovu linavuta.

Uchungu ulianza asubuhi moja baada ya uji. Kwanza ulikwenda vizuri, nikatembea ukumbini nimeshika ukuta, Mama nyuma yangu na khanga begani. Mchana njia ikaacha kufunguka. Nilisukumwa chumba cha kujifungulia, wakanifunga mashine ya kusikiliza mtoto. Nikawa nasikia moyo wake unapiga, pu pu pu, kisha unachelewa, kisha unarudi. Kila uchungu ukija, moyo unachelewa zaidi kurudi. Dakta Shija akaja, akasikiliza, akaangalia, akanisogelea usoni.

"Bhoke, mtoto anaanza kuchoka, na njia haijafunguka yote. Kuna mawili. Tusubiri kidogo tukiwa tunamsikiliza. Wengi kwenye hali hii huzaa salama, ila wapo watoto wanaoumia, na kovu lako nalo linavutwa. Au tukupasue sasa. Hatari ya kisu unaijua, na unajua maana yake kwa mimba za baadaye."

Kabla sijajibu, muuguzi mmoja ambaye hakuwa akinijua akafungua mlango, akaita kwa mazoea, "Mwenye mgonjwa! Mume wake yuko wapi? Tunahitaji kauli."

"Ni mimi," Mama akasema, akaingia.

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini. Ni mtu wa Mara huyo, alielewa. Akamgeukia Mama kabisa, akamweleza yote upya, mgongo wake ukiwa kwangu. Na mimi nililala pale, nimeloa jasho, mdomo wangu wote umekauka, nikamtazama Mama usoni. Nilijua anachokiwaza kana kwamba anakisema kwa sauti. Kisu cha pili. Mvulana ambaye huenda asije kamwe. Burito akizunguka shamba la mihogo. Akisema tusubiri, tutasubiri, maana mimi nilikuwa sina hata nguvu ya kubishana, na yeye ndiye mwenye mji. Nilimwogopa wakati ule. Nampenda, na nilimwogopa.

Mama alimsikiliza muuguzi mpaka mwisho. Kisha akamsogeza pembeni kwa mkono, taratibu, kama unavyomsogeza mtu aliyesimama mlangoni.

"Ng'ombe niliwatoa kwa ajili ya jina la mji wangu," akasema. "Tumbo halikuwemo kwenye ng'ombe. Muulizeni mwenyewe. Amelala hapo, mbona mnamruka?"

Mama alikuja akasimama kichwani kwangu. Akanifuta jasho kwa khanga yake.

"Bhoke," akasema, "usiniangalie mimi. Mwangalie daktari."

Nikamwangalia daktari. "Nikisema tusubiri, halafu nikabadilisha mawazo, mtanisikiliza?"

"Tutakusikiliza. Ila sina hakika kama mtoto atakuwa na muda huo."

Moyo wa mtoto ukachelewa tena. Nilitaka sana kuzaa kwa nguvu zangu, niseme kweli, niliitaka siku hiyo kama mtu anavyotaka kurudi kwao. Niliililia, kidogo tu, nafasi haikuwepo. "Nipasueni," nikasema. "Sasa hivi." Na nikaweka saini kwenye fomu kwa mkono wangu.

Safari hii walinieleza kila walichofanya. Dawa ya ganzi ilinifanya nisisikie miguu, lakini masikio yalikuwa yangu. Dakta Shija alikuwa anasema kutoka nyuma ya pazia, tumefika hapa, sasa utasikia kuvutwa, sasa mtoto anatoka. Akalia. Alikuwa amezungukwa na kitovu shingoni, nikaambiwa hapohapo, mimi wa kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Sina namna ya kukueleza utamu wa jambo hilo dogo. Nimeshukuru kwa mengi maishani, kwa mvua, kwa dagaa wakavu, kwa Sara, lakini kuambiwa habari ya mwili wangu nikiwa macho nilishukuru kwa machozi.

Jioni nilikuwa wodini, mtoto kifuani, nimechoka lakini akili iko sawa. Mama alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo wauguzi walikuwa wamemkataza mara kadhaa. Simu yake ikalia. Mama huishika simu mbali na sikio na kupiga kelele, kwa hiyo wodi nzima ilimsikia Burito kama amesimama kati yetu.

"Shemeji! Habari za huko? Wamempasua?"

"Amepasuliwa. Ameamua mwenyewe."

"Ameamua nani?" Burito akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeanza kupima ardhi. "Haya, mmepata nini?"

Mama alinitazama. Aliweka kiganja chake kwenye paji la uso wangu, kikavu na cha joto, akakiacha pale.

"Nimempata Bhoke," akasema.

"Nauliza mtoto, shemeji. Mmepata nini?"

"Mtoto naye yupo," Mama akapiga kelele. "Wa kike. Una swali lingine?"